Sabrutini za matundu: shajara ya kuhamia LinuxCNC

Siku ya 1

Mashine ni ya kuchonga chuma, mihimili mitatu, meza inatembea milimita 600 upande wa X na 400 upande wa Y. Mota, skrubu na swichi za mipaka zimeshatulia. Kilichobadilika ni ubongo: kidhibiti cha zamani kilisoma msimbo wa G (lugha ya amri za mashine) kwa mtindo wa vidhibiti vya Fanuc, sasa mashine inaendeshwa na LinuxCNC, programu ya kompyuta ya kuendesha mashine. Zimebaki programu, na ndani yake kuna sabrutini mbili, yaani vipande vya programu vinavyoitwa kwa jina au namba, ambazo karibu kila kazi yetu inazitegemea. Moja inapanga matundu kwenye mduara. Ya pili inatoboa tundu moja kwa kudonoa: biti inashuka kidogo, inapanda kumwaga chembe za chuma, inashuka tena mpaka kina kitimie.

Misimbo ya mwendo haikunisumbua. G0 (mwendo wa haraka), G1 (kukata kwa mstari ulionyooka), G2 na G3 (kukata kwa tao) zinafanana karibu kila mahali, na mistari mingi ya programu zetu imepita bila kuguswa. Sabrutini hazifanani. Upande wa Fanuc tulikuwa tunaita hivi:

    G65 P9100 X60 Y60 R25 A0 H6

na kila herufi ina parameta yake, kisanduku cha namba chenye alama ya #: A inaingia #1, H inaingia #11, R inaingia #18, X na Y zinaingia #24 na #25. Upande wa LinuxCNC hakuna herufi. Thamani zinapangwa foleni ndani ya mabano ya mraba, ya kwanza inakuwa #1, ya pili #2, na kuendelea mpaka #30:

    o<duara> call [60] [60] [25] [6] [0] [12] [3]

Nimejiwekea mpangilio huu: X ya kitovu, Y ya kitovu, nusu kipenyo, idadi ya matundu, pembe ya kuanzia, kina, hatua ya kudonoa. Mabano ya mraba ni lazima hata kwa namba tupu.

Nilibadilisha mstari wa kuita nikaacha mwili wa sabrutini kama ulivyokuwa, nione utalalamika wapi. Haukulalamika popote. Programu ilifunguka, ikaendeshwa, ikaisha salama, na hakuna hata tundu moja. Kitanzi, yaani sehemu inayojirudia, kilikuwa bado kinasoma idadi kutoka #11, na #11 ilikuwa sifuri, kwa hiyo kilihesabu matundu sifuri kikaondoka zake. Nikarekebisha idadi peke yake. Sasa picha ya njia kwenye skrini ikaonyesha nukta moja pale kwenye sifuri ya kazi, mahali vipimo vinapoanzia. Nilipoikuza nikaona ni matundu sita yamelaliana: kitovu kilisomwa kutoka #24 na #25, nusu kipenyo kutoka #18, zote sifuri.

Hapa kuna tofauti inayostahili kukaririwa. Kwa Fanuc, herufi ambayo hukuiandika huacha parameta ikiwa tupu, na sabrutini inaweza kuuliza kama ni tupu. Mwongozo wa LinuxCNC unasema jambo jingine: parameta ambazo hukuzipa thamani zinabaki na thamani zilizokuwa nazo pale ulipoitia. Katika programu kuu, kama hakuna kilichoziandikia namba kabla, hiyo itakuwa sifuri. Sabrutini ikiitwa na sabrutini nyingine, inaweza kuwa namba ya mwenzake, yenye maana nyingine kabisa. Nimeamua kwamba kila mwito utapitisha thamani zote saba, hata zile ambazo hazibadiliki kamwe.

Siku ya 2

Nimezihamishia sabrutini kwenye faili zake, kila moja na ya kwake, ili programu zote zizitumie. Mawili yamenichelewesha.

La kwanza ni jina. Nilihifadhi faili kama Duara.ngc, herufi kubwa mwanzoni, na ndani nikaandika jina hilohilo. LinuxCNC ikasema haioni faili. Inapofasiri jina la sabrutini hulishusha lote kuwa herufi ndogo, halafu inakwenda kutafuta duara.ngc, na Linux haichukulii D na d kuwa kitu kimoja. Jina la faili liandikwe kwa herufi ndogo tupu.

La pili lilinichosha zaidi. Nilirekebisha toboa.ngc, nikahifadhi, nikaendesha, hakuna kilichobadilika. Nikarekebisha tena, vilevile. Mwisho nikaandika mstari wa upuuzi katikati ya faili, herufi zisizo na maana yoyote, nikaendesha. Programu ikaenda kama kawaida. Basi faili niliyokuwa nahariri siyo iliyokuwa inasomwa. Folda za sabrutini zinaandikwa kwenye faili ya ini (faili ya mipangilio), mstari wa SUBROUTINE_PATH, zinapekuliwa kwa mpangilio, na nakala ya kwanza kupatikana ndiyo inayotumika. Nakala ya jana ilikuwa imebaki kwenye folda ya programu. Nimeifuta.

Tangu leo hilo ndilo jaribio langu la kwanza kila marekebisho yanapokataa kuonekana: naharibu faili makusudi. Mashine isipopiga kelele, natafuta nakala nyingine kabla ya kugusa mantiki.

Siku ya 3

Skrini imeganda. Nilifungua programu ya mduara wa matundu sita, dirisha la AXIS, skrini ya LinuxCNC, likasimama palepale, halikubali hata kufungwa. Nikaiua, nikaanzisha upya, ikaganda tena mahali palepale.

AXIS huchora picha ya njia kwa kufasiri programu nzima mwanzo hadi mwisho kabla hujabonyeza kitu chochote. Kitanzi kisichoisha hakisubiri mashine iwashwe. Kinaishika skrini wakati wa kuchora. Kwa hiyo kuganda kwenyewe kulikuwa jibu: kuna kitanzi kisichofika mwisho. Swali likawa ni kipi, kwa sababu vyote viwili vilionekana sawa. Cha duara:

    #101 = 0
    o120 while [#101 LT #4]
      ...
      o<toboa> call [#6] [#7]
      #101 = [#101 + 1]
    o120 endwhile

Na cha toboa, ambacho kinapunguza kina kilichobaki mpaka kiishe:

    #101 = #1
    o110 while [#101 GT 0]
      ...
      #101 = [#101 - #2]
    o110 endwhile

Kila kimoja kikisomwa peke yake hakina kosa. Lakini parameta za #1 hadi #30 ndizo pekee za ndani ya sabrutini. Kuanzia #31 kwenda juu ni mali ya wote. Toboa ilipomaliza kazi iliacha #101 ikiwa sifuri, duara ikarudi, ikaongeza moja, ikapata moja, ikaenda tundu la pili. Toboa ikairudisha sifuri. Duara ikaongeza moja. Tundu la pili, tundu la pili, tundu la pili, bila kikomo.

Nimeondoa namba nikaweka majina: #<tundu> ndani ya duara, #<baki> ndani ya toboa. Jina lisiloanza na mstari wa chini ni la ndani ya sabrutini yake. Likianza nao, kama #<_meza>, ni la wote. Faida ya pili ya majina ni kwamba ukilisoma jina ambalo halijapewa thamani, LinuxCNC inagoma na kulitaja. Namba ingekupa sifuri kimyakimya, kama siku ya kwanza.

Nilipokuwa humo nimeongeza ulinzi mwanzoni mwa toboa: hatua ya kudonoa ikiwa sifuri au pungufu yake, toa ujumbe na maliza programu. Hatua ya sifuri ingezaa kitanzi kilekile kisichoisha, kwa njia nyingine.

Dokezo la pembeni kuhusu pembe. Programu ya zamani ilihesabu matundu kwa kuongeza nyuzi mpaka zifike 360. Kwa matundu 6 haina shida, 60 inaingia sawasawa. Kwa 7, kila hatua ni 51.428571 na mkia usioisha, na ikiwa jumla itaangukia chini ya 360 kwa unywele tu, kitanzi kitaona bado na kutoboa tundu la nane juu ya la kwanza. Hesabu matundu kwa namba kamili, halafu pembe uipate kwa kuzidisha.

Siku ya 5

Leo tumetoboa bamba halisi. Alumini, unene wa milimita 12, kwenye jiliwa, na bamba la mbao chini yake. Miduara miwili. Wa kwanza kitovu chake X60 Y60, nusu kipenyo 25, matundu sita yanayopita hadi chini. Wa pili X140 Y60, nusu kipenyo 20, matundu manne ya kina cha milimita 2 tu, alama za kuanzia kazi nyingine.

Matundu sita ya kwanza yametoka kama yalivyotakiwa. Alama ya kwanza ya mduara wa pili imekaa mahali pake, X160 Y60. Halafu kichwa kikaondoka kwa mwendo wa haraka kuelekea kulia, kikavuka ukingo wa bamba, kikashuka hewani, kikapanda.

Mwenzangu aliyekuwa amesimama upande wa jiliwa ndiye aliyewahi kusema. "Fundi, mbona inatoboa upepo?"

Nilibonyeza kitufe cha dharura ikiwa njiani kwenda la tatu. Hakuna kilichogongwa, na hilo nililishukuru kabla sijajua sababu yake.

Nilipotazama orodha ya misimbo hai pale kwenye skrini ya kuandika amri kwa mkono baada ya kuendesha programu ileile kwenye nakala ya kuigiza mpaka mwisho, kila kitu kilionekana safi: G90 (vipimo kutoka sifuri ya kazi), G21 (milimita), G54 (sifuri ya kazi ya kawaida), G17 (bapa la XY). Hapo nilipoteza karibu saa nzima nikikagua hesabu za sine na kosine, ambazo hazikuwa na tatizo. LinuxCNC hutumia nyuzi, na nyuzi ndizo nilizoandika.

Kilichonitoa ni majaribio ya kubadilisha kitu kimoja kimoja. Mduara wa kwanza peke yake: sawa. Wa pili peke yake: alama ya kwanza sawa, tatu zimepotea. Basi wa kwanza hauhusiki. Wa pili, kitovu kikihamishiwa kwingine: vilevile. Wa pili, matundu sita badala ya manne: vilevile. Wa pili, kina 4 badala ya 2: sawa kabisa! Kina 3: umepotea. Kina 3.1: sawa. Hatua ya kudonoa ni 3. Kwa hiyo mahali tundu linapokwenda panategemea kama kina kinazidi hatua ya kudonoa. Duara haijui lolote kuhusu kudonoa. Tatizo liko toboa, ingawa dalili yake inaonekana duara.

Nikaingiza mstari huu wa kutoa ujumbe ndani ya kitanzi cha duara, mara tu baada ya mwito:

    (DEBUG, tundu #<tundu> ngazi #<_call_level> G91 #<_incremental>)

#<_call_level> inasema uko ngazi ya ngapi ya miito. #<_incremental> ni 1 kama G91 iko hai, 0 kama haiko. Kwa mduara wa kwanza ilitoka 0 mara sita. Kwa mduara wa pili, 1 mara nne.

Tahadhari kwa atakayetumia DEBUG: ujumbe ulikuwa unatokea kabla kichwa hakijafika kwenye tundu linalotajwa. Kifasiri husoma mbele ya mwendo, hakisubiri chuma. Ukiutazama ujumbe na kichwa kwa pamoja ukidhani vinaelezea dakika moja, utamlaumu asiyehusika. Namba zilizomo ndani ya ujumbe ni za kweli kwa mstari uliousomesha; wakati wa kutokea kwake hauna maana.

Sasa toboa yenyewe, kama nilivyoihamisha:

    o<toboa> sub
      G91
      o105 if [#1 LE #2]
        G1 Z[0 - #1 - 5]
        G0 Z[#1 + 5]
        o<toboa> return
      o105 endif
      (hapa kitanzi cha kudonoa)
      G90
    o<toboa> endsub

G91 inaiambia mashine ihesabu kutoka pale ncha ilipo. G90 inairudisha kuhesabu kutoka sifuri ya kazi. Tundu refu linapitia kitanzi, linafika G90, linatoka. Tundu fupi halihitaji kudonoa, kwa hiyo niliandika njia ya mkato: shuka mara moja, panda, return (rudi ulikoitwa). Na return inaruka G90. Sabrutini inarudi nyumbani ikiwa imeacha G91 imewashwa, na duara inaendelea kutoa vipimo vya kutoka sifuri kwa mashine inayovisoma kama nyongeza.

Nilitaka kuona namba kwa macho yangu. LinuxCNC inakuja na kifasiri kinachosimama peke yake, rs274. Unakipa programu na faili ya ini ili kijue folda za sabrutini, nacho kinaandika kila mwendo na mahali unapoishia, bila mashine wala dirisha. Miendo ya haraka ya mduara wa pili, kabla ya kila kushuka:

    X160  Y60   Z5
    X300  Y140  Z10
    X420  Y200  Z15
    X560  Y240  Z20

Vilivyotakiwa ni X160 Y60, X140 Y80, X120 Y60, X140 Y40, vyote kwa Z5. Chukua 160, ongeza 140, unapata 300. Chukua 60, ongeza 80, unapata 140. Kila mstari, kuanzia wa pili kwenda chini, ni jumla ya uliotangulia na kipimo kilichotakiwa. Na tazama Z. Duara huandika G0 Z5 kabla ya kila tundu ili biti iwe juu ya uso wa kazi. Chini ya G91, Z5 ni kupanda milimita 5 nyingine. Tundu la pili biti ilianza Z10, ikashuka 7, ikakomea milimita 3 juu ya uso. La tatu lingekomea 8 juu, la nne 13 juu. Ndiyo sababu ilitoboa upepo isigonge jiliwa. Kama duara ingekuwa inashusha Z badala ya kuipandisha, ningekuwa naandika habari nyingine hapa.

Na meza ya 600 kwa 400 ilikuwa na nafasi ya kutosha: X560 Y240 bado iko ndani, kwa hiyo hata onyo la kuvuka mipaka halikutokea. Picha ya njia ilikuwa imeonyesha mistari mirefu ikielekea kulia. Nilikuwa nimeikuza kwenye mduara wa kwanza. Sasa naipunguza mpaka nione yote kabla ya kubonyeza kuendesha, kila mara.

Kuhusu ile orodha safi ya misimbo hai: M2 inayomaliza programu hurudisha G90, G54, G17 na G94 yenyewe. Ukiitazama hali ya mashine baada ya M2 unatazama chumba kilichokwisha kufagiliwa. Hali ikaguliwe ndani ya programu, baada ya kila mwito.

Siku ya 6

Marekebisho ni mawili, na nimeyaweka yote.

Kwanza, toboa sasa ina mlango mmoja wa kutokea. Return ya katikati imekwenda, nimeweka if na else, njia fupi na njia ndefu zinakutana kabla ya endsub.

Pili, mstari wa kwanza wa toboa ni M73. Huu unahifadhi hali ya mashine sabrutini inapoanza na kuirudisha yenyewe inapotoka, iwe kwa endsub au kwa return: G90 au G91, G20 au G21, bapa la kazi, F (kasi ya kukata), S (kasi ya spindeli) na mengine. Unafanya kazi ndani ya sabrutini tu. Ukitaka kuhifadhi kwa mkono kuna M70, na kurudisha ni M72.

Visivyorudishwa: mahali ncha ilipo, na aina ya mwendo. Ukitoka kwenye sabrutini iliyomaliza na G1 halafu ukaandika X na Y bila G0 mbele yake, unakata njia nzima kwa G1. Nimepitia duara na kuandika G0 wazi kwenye kila mstari unaofuata mwito.

Nimeendesha upya kwenye kuigiza kwa kina cha 2, 3, 3.1, 4 na 12. #<_incremental> imetoka 0 kila mara.

Siku ya 7

M73 ilinivutia nikaitia kwenye kila sabrutini iliyomo kwenye folda. Asubuhi nimewasha mashine, nimefungua programu ya jana, ikagoma kwenye mstari wa kwanza wa kukata: haiwezi kufanya G1 kwa kasi ya sifuri.

Tuna sabrutini ndogo, biti6, ambayo kazi yake ni kuweka S3000 na F300 kwa biti ya milimita 6. Kwa M73 ndani yake, iliweka F300 kisha ikairudisha F kama ilivyoikuta. Mashine ilikuwa imetoka kuwashwa, F ilikuwa sifuri, ikarudi sifuri.

Nimeiondoa M73 hapo, lakini jambo lenyewe limenikalia rohoni mchana kutwa. Jana nilikuwa nimeendesha mwendo wa mkono kwa F1200. Kama ningekuwa nimeweka M73 jana jioni badala ya usiku, kusingekuwa na sifuri ya kukataa; F1200 ingerudi, na biti ya milimita 6 ingeingia kwenye alumini kwa mara nne ya kasi niliyoiandika, huku F300 ikisomeka wazi kwenye faili. Nimegawa folda mbili. Moja ni ya sabrutini zinazofanya kazi na kurudi, zote zina M73. Nyingine ni ya sabrutini ambazo kuacha hali mpya ndiyo kazi yake, na hizo zote majina yake yanaanza na weka_. Biti6 sasa ni weka_biti6.

Siku ya 8

Nimepitia namba za o, zinazotambulisha kila kitalu. Ndani ya sabrutini moja nilikuwa nimenakili kitanzi cha o110 na kusahau kubadilisha namba, vitalu viwili vinatumia namba moja. Hakijaleta madhara bado. Nimeibadilisha.

Siku ya 9

Bamba jipya, miduara yote miwili, kwa mpangilio uleule wa siku ya 5. Mwenzangu alikaa upande wa kitufe cha dharura, mimi upande wa skrini. Matundu sita, alama nne, kichwa kikapanda, spindeli ikasimama.

Tumepima kwa kaliperi. Matundu yanayotazamana kwenye mduara wa kwanza, ukingo wa nje hadi ukingo wa nje, yanatakiwa 56: kipenyo cha mduara 50 pamoja na 6 ya biti. Jozi tatu zimesoma 56.04, 56.02 na 56.05. Alama za mduara wa pili zimekaa juu ya mikwaruzo niliyoichora kwa mkono kabla ya kufunga bamba.

Inayofuata ni sabrutini ya kugusa kona ya kazi kwa kitambuzi, na tayari najua itakaponisumbua. G38.2, amri ya kusogea mpaka kitambuzi kiguse, huacha majibu kuanzia #5061, na #5070 inasema kama kitambuzi kimegusa. Wakati AXIS inachora picha hakuna kitambuzi kinachogusa kitu, kwa hiyo ukaguzi wowote wa #5070 utashindwa kabla mashine haijasogea. Kuna #<_task>, ambayo ni 0 wakati wa kuchora picha na 1 wakati wa kuendesha kweli. Nimeshaandika ukaguzi ndani ya if yake. Kesho nitaujaribu hewani, waya wa kitambuzi ukiwa mkononi.